Mzigo wa Mtoto: Televisheni Ifaayo kwa Watoto Wadogo Magharibi mwa Tanzania

Katika karne ya kumi na tisa, kila kitu kilichotoka pwani kwenda Unyanyembe kilifika kichwani au begani mwa mtu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikapumzika Tabora, na baadhi yake ikaendelea hadi Ujiji, safari ya takriban kilomita 1,200. Mpagazi wa Kinyamwezi alisifika njia nzima kwa kubeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, nao viongozi wa misafara walijua vema kwamba mzigo uliozidi kipimo haufiki. Reli ilipoingia Tabora mwaka 1912 kazi hiyo ilififia, lakini mji ukabaki kuwa njia panda ambamo vitu, watu na lugha kutoka mbali hukutana.

Televisheni imefika kwa njia nyingine kabisa. Zanzibar ilianza kutangaza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Bara, ambako kwa miaka mingi redio ndiyo iliyotegemewa kuwa chombo cha elimu ya umma, ilisubiri hadi mwaka 1994. Leo setilaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, huirusha picha ileile Dar es Salaam na Urambo kwa wakati mmoja. Mzazi wa Isevya au Ng'ambo mwenye king'amuzi hukuta katuni asubuhi hadi usiku, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Hana budi kuamua ni kipi kimfae mtoto wa miaka 5, kipi kimfae wa miaka 2, na kwa muda gani. Uamuzi huo si mdogo. Katika nyumba isiyo na vitabu vya picha, kipindi kizuri chaweza kuwa mwalimu wa kwanza wa herufi na namba. Nacho kipindi kibaya hula saa ambazo mtoto angezitumia kusema na watu, na saa hizo ndizo zinazomjengea lugha.

Miaka miwili ya kwanza

Kuhusu watoto wachanga jibu la sayansi ni la wazi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 1998 watafiti Georgene Troseth na Judy DeLoache wa Marekani walieleza jaribio rahisi. Mtoto alitazama kwenye televisheni mtu akificha kitu cha kuchezea katika chumba cha pili, kisha akaambiwa aende akakitafute. Watoto wa miaka miwili na nusu kwa kawaida walikipata. Wale wa miaka miwili kamili walishindwa zaidi ya nusu ya mara walizojaribu, ingawa walikuwa wametazama kwa makini. Lakini walipoliona tendo lilelile kupitia dirishani, walikwenda moja kwa moja na kukitoa kitu mafichoni. Macho yao hayakuwa na kasoro, wala kumbukumbu yao. Walichokosa ni kuelewa kwamba picha iliyo kwenye kioo yahusu chumba halisi kilicho ng'ambo ya ukuta.

Jaribio la Patricia Kuhl, lililochapishwa mwaka 2003, lilihusu sauti za lugha. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walichezewa na kusomewa na watu waliosema Kichina, na baada ya vipindi 12 waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao walioonyeshwa watu walewale, maneno yaleyale, lakini kwa televisheni, hawakupata chochote. Mwaka 2010 DeLoache na wenzake walionyesha jambo lifananalo nalo kuhusu kanda zilizouzwa kwa ahadi ya kuwafundisha watoto wachanga maneno: waliojifunza zaidi ni watoto waliofundishwa maneno hayo na wazazi wao, pasipo kanda yoyote.

Kwa hiyo bibi wa Uyui anayembeba mjukuu mgongoni huku akimsemesha Kinyamwezi anafanya kazi ambayo hakuna mtambo uliokwisha kuiweza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya televisheni kabisa, wa mwaka mmoja vivyo hivyo, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Hadithi na somo

Baada ya umri huo mambo hubadilika, na hapa haifai kuilaumu televisheni kwa jumla kama wafanyavyo baadhi ya watu wazima. Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi cha Sesame Street kilianza nchini Marekani. Kilitungwa na watangazaji wakishirikiana na wataalamu wa elimu, nacho kilipimwa tangu mwaka wake wa kwanza: watoto waliokitazama zaidi ndio waliojifunza herufi na namba zaidi. Hatimaye mbinu hiyo ilifika Tanzania kwa jina la Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikiwa na mafunzo ya malaria pamoja na hesabu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Dar es Salaam na Kisarawe, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa waliokifuata zaidi walipata maendeleo makubwa zaidi.

Kazi iliyo ya nyumbani hasa ni ya Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Mwaka 2014 ilianza kurusha Ubongo Kids, kipindi cha hesabu na sayansi kwa watoto wa shule ya msingi, na baadaye Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, ambamo Akili, msichana wa miaka minne, hukutana usingizini na wanyama wanaomfundisha. Mtafiti Dina Borzekowski alikipima kipindi hiki Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa elimu ya awali. Baadhi yao walitazama Akili and Me na wengine katuni nyingine kwa muda uleule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kundi la kwanza liliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba, kujua maumbo na kuchora. Ikumbukwe kwamba makundi yote mawili yalitazama televisheni. Kilichotofautiana ni kilichotazamwa.

Kwa nini kipindi kimoja kifundishe na kingine kisifundishe? Mtaalamu Shalom Fisch alieleza mwaka 2000 kwamba akili ya mtoto atazamaye hubeba mizigo miwili kwa pamoja: mzigo wa hadithi na mzigo wa somo. Sehemu ya akili inayoshika mambo kwa sekunde chache ili yafanyiwe kazi ni finyu kwa kila binadamu, na kwa mtoto ni finyu zaidi. Hadithi ikienda upande wake na somo upande wake, mizigo hiyo hugombania nafasi, na aghalabu hadithi hushinda. Mtoto atakumbuka sungura alianguka mtoni, lakini hatakumbuka mawe yalikuwa mangapi. Ikiwa sungura hawezi kuvuka mpaka mawe yahesabiwe, mizigo imefungwa pamoja, na kuufuata mmoja ni kuufuata wa pili. Mpagazi hakubeba robota mbili zilizolegea, alizifunga kwanza.

Hiki ndicho kipimo bora ambacho mzazi aweza kukitumia bila chombo chochote. Atazame kipindi kimoja hadi mwisho, kisha ajiulize: somo likiondolewa, je, hadithi itabaki nzima? Ikibaki nzima, somo limebandikwa tu.

Kuhusu mwendo wa picha, tahadhari inahitajika. Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson waliwaonyesha watoto wa miaka minne katuni yenye mwendo wa kasi, ambayo mandhari yake yalibadilika kila sekunde 11, kwa dakika tisa. Mara baada ya hapo watoto hao walifanya vibaya katika mazoezi ya kujizuia na kufuata maagizo, kuliko wenzao waliotazama kipindi cha polepole au waliochora. Habari hiyo ilienea duniani kote kuwa katuni za kasi zaharibu akili. Lakini watoto walikuwa 60 tu, na athari ilipimwa papo hapo. Isitoshe, uchunguzi wa Lillard na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kilichochosha akili si kasi yenyewe, bali wingi wa mambo yasiyowezekana katika ulimwengu wa kweli. Wanafunzi wa sayansi waizingatie hadithi hii, maana inaonyesha jinsi sababu ya kwanza inayodhaniwa isivyokuwa sababu halisi kila mara.

Lugha ya nyumbani

Kiswahili chenyewe kilisafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji. Leo mtoto wa mjini Tabora hukisikia pamoja na Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Wazazi wengi huchagua katuni za Kiingereza wakitumaini mtoto ataianza shule akiwa mbele. Tumaini hilo laeleweka, ila linakwenda kinyume na hesabu ya mizigo iliyoelezwa hapo juu: lugha isiyoeleweka ni mzigo wa tatu. Mtoto ataimba wimbo wa Kiingereza neno kwa neno na asijue maana yake. Kipindi kinachoeleza jambo kwa Kiswahili na kuingiza maneno machache mageni humwachia nafasi ya kufikiri.

Hata kipindi kizuri hufanya nusu ya kazi kisipokuwa na mtu wa kukizungumzia. Tanzania ililijua hili kabla bara haijapata televisheni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Hawakusikiliza tu, baada ya kila kipindi walijadiliana wakiwa na kitabu na kiongozi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mtoto naye huhitaji kikundi, hata kama ni dada wa kidato cha pili anayeuliza, "Kwa nini amelia?" au "Na sisi tuna vikombe vingapi?" Na akitaka kutazama kipindi kilekile kwa mara ya tano asikatazwe. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulionyesha kuwa marudio ya siku tano huongeza ufahamu wa mtoto, na kwamba kadiri anavyoelewa ndivyo anavyojibu kwa sauti zaidi.

Lipo jambo moja la jiografia ambalo wapangaji wa vipindi hawawezi kulikwepa. Tabora iko takriban nyuzi 6.5 za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka kila nyuzi. Kwa hiyo jua huchwa Tabora dakika 26 hivi baada ya Dar es Salaam, na Kigoma karibu dakika 39, ilhali saa ya ukutani ni moja. Kipindi kinachomkuta mtoto wa pwani akiingizwa ndani kwa giza humkuta mwenzake wa Tabora bado akicheza chini ya mwembe. Katika hali hiyo mzazi amwache nje. Michezo ya kukimbia na kujificha humpa mazoezi ya mwili na ya kujizuia, na kipindi hurudiwa siku nyingine.

Walimu wa sekondari waweza kuwapa wanafunzi wao uchunguzi ufuatao. Mwanafunzi atazame kipindi kimoja cha Kiswahili pamoja na mdogo wake wa miaka minne au mitano, kwa ridhaa ya wazazi, naye aandike maswali matatu juu ya hadithi na matatu juu ya somo. Mtoto aulizwe maswali hayo kipindi kiishapo, na tena baada ya siku mbili. Darasa likusanye majibu yote na kuchora jedwali lenye safu mbili, moja ya watoto waliotazama peke yao na nyingine ya waliotazama huku wakizungumza na mtu.