Kumpata Daktari Afaaye kwa Mbwa wa Kuwinda

Katika vijiji vinavyopakana na mapori, mbwa wa kuwinda hufukuza nguruwe pori na nyani mashambani, na usiku hulinda mlango. Hata hivyo, yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa wakati wa tiba. Ng'ombe akiugua, mtaalamu huitwa siku hiyo hiyo. Mbwa akiugua, hudungwa dawa ya ng'ombe iliyobaki. Desturi hiyo yaweza kumuua mbwa, na wakati mwingine huhatarisha hata watu.

Mbwa si ng'ombe mdogo. Porini huumwa na mbung'o wanaoeneza nagana, ambayo dalili zake ni homa, kukonda, kuvimba uso na macho kufunikwa na ukungu. Diminazeni, dawa itumikayo sana kutibu nagana ya ng'ombe, humdhuru mbwa kwa urahisi ikizidi kidogo. Hivyo hana budi kupimwa uzito kwanza. Kupe nao huleta ugonjwa unaofanya fizi ziwe nyeupe na mkojo uwe na rangi ya kahawa. Jeraha la pembe ya ngiri laweza kuonekana dogo kwa nje, kumbe limefika kifuani au tumboni.

Kwa sababu hizo, mwenye mbwa anapaswa kujua anayemwita ni nani. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo husajili madaktari wa mifugo na kuwaandikisha wataalamu wasaidizi. Daktari ana shahada ya tiba ya wanyama; mtaalamu msaidizi ana cheti au stashahada, naye hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Kuuza dawa za mifugo peke yake hakumfanyi mtu kuwa tabibu. Kuomba kuona cheti cha usajili si utovu wa adabu.

Baada ya cheti, yafaa kuuliza maswali manne. Je, amezoea kutibu mbwa, au ng'ombe na mbuzi pekee? Je, humpima mbwa uzito kabla ya kumpa dawa? Je, anaweza kushona jeraha lenye kina, na asipoweza humpeleka mgonjwa wapi? Je, hupatikana usiku na siku za mapumziko? Anayejibu waziwazi, na kukiri mipaka ya ujuzi wake, ni wa kuaminiwa kuliko anayeahidi kuponya kila kitu.

Mwenye mbwa naye ana wajibu wa kusema kweli: mbwa alikwenda wapi, aliumizwa na mnyama gani, na alikwisha kupewa dawa ipi. Aidha, ikumbukwe kuwa tiba ya mbwa si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji wa wanyamapori huhitaji kibali cha mamlaka husika.

Jambo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Mbwa wa kuwinda hukutana na mbweha, fisi na mbwa wasio na wenyewe. Mbwa achanjwe afikapo umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza, nayo iandikwe katika kadi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Chanjo ya mapema huzuia.

Wakati mwema wa kumtafuta daktari ni mbwa akiwa mzima. Afisa Mifugo wa Kata aweza kueleza daktari aliyesajiliwa anapatikana wapi, na siku ya chanjo ni nafasi nzuri ya kufahamiana naye. Mwenye kufanya hivyo hatalazimika kuanza kumtafuta tabibu usiku, huku mbwa akivuja damu.