Si hasadi wala uvivu: mtoto wa kidato cha nne anapozidiwa

Mwaka jana muhula wa pili, mtoto wa ndugu yangu anayesoma bweni Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, alinipigia kwa simu ya mwalimu. Nikadhani anataka pesa za matumizi. Akanyamaza, kisha akasema, "Ami, silali. Nikishika kitabu mikono yatetemeka. Bora nisingezaliwa."

Nyumbani Mombasa kila mtu alikuwa na lake. Nyanya yake alisema ni hasadi, asomewe. Babake akasema ni uvivu. Nami, nakiri, nilimwambia asali na avumilie, Novemba haiko mbali. Siku ya tatu moyo ukanisuta, nikapanda basi.

Ndugu msomaji, hofu ya mtihani ni ya kawaida. Tumbo humsokota mtoto asubuhi ya karatasi, kisha hupoa. Wasiwasi uliogeuka maradhi haupoi: moyo unadunda bila sababu, pumzi inakatika, alichosoma hakikai kichwani. Sonona ni huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, kunakodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Mtoto hujitenga, usingizi na chakula huvurugika, hujiona hana thamani. Lakini akitaja kifo, usingoje hizo wiki mbili. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wala usimwache peke yake.

Kwa nini kidato cha nne? KCSE ni mtihani mmoja unaopima miaka minne, na C+ ndiyo mlango wa kuingia digrii chuo kikuu. Kwa kijana wetu kulikuwa na jingine, na alinieleza tukiwa tumeketi nje ya bweni: "Nyote mumenichangia ada. Nikianguka, nimewaangusha nyote." Sisi tulidhani mchango ule ni baraka. Kwake ulikuwa deni.

Tulizungumza na mwalimu wa ushauri, kisha tukampeleka hospitali. Akawa anaonana na mshauri kila wiki, akapangiwa saa za kulala na kusoma kidogo kidogo. Wengine huhitaji dawa pia, na daktari ndiye anayeamua. Nyanya yake aliendelea kumsomea. Dua na tiba hazigombani. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe, na hakuna Muislamu anayesema imani yake ilikuwa haba.

Wazazi wengine huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Huyu ni mgonjwa, si mhalifu.

Ukiwa Mombasa, hospitali ya Port Reitz hutibu maradhi ya akili. Simu 116 ni ya watoto, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Zote ni bure. Na usiku wa leo mpigie mwanao. Usianze na alama. Muulize amelala vipi, kisha umsikilize.

Watu huniuliza kijana alipata nini kwenye KCSE. Huwajibu kwamba alirudi nyumbani, alhamdulillah.