Mwenzio Anapongoja Figo

Maradhi ya figo humlaza mtu mmoja, na nyumba nzima ikaugua naye. Mara 2 au 3 kwa juma mume hupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na kila mara hukaa hapo kama saa 4. Hurudi amechoka, hataki neno. Mke aliyetoka naye alfajiri bado anangojewa na jiko, na watoto wa madrasa, na wageni waliokuja kumtazama mgonjwa. Juma hili tunataka kuzungumza na mke huyo, pamoja na mume ambaye mkewe ndiye aliyelala.

Kungoja kwetu

Ziko nchi ambako mgonjwa huandikwa katika orodha, akangoja figo ya mtu aliyefariki. Kwetu Kenya mgonjwa hutegemea figo ya mtu aliye hai, na aghlabu huwa ni jamaa yake. Basi tunachokingoja ni vitu vitatu: ndugu wa kujitolea, vipimo vya kuthibitisha kwamba damu na mwili vinakubaliana, na fedha. Mke naye aweza kupimwa, kwani kutokuwa wa damu moja hakumzuii kufaa.

Wengi hawajui kwamba figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, na zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Aliyepandikizwa hutumia dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hiyo muda wote inapofanya kazi. Kwa hivyo fedha za kuchangishwa zisihesabiwe za upasuaji peke yake. Dawa za miaka ya mbele nazo zitiwe hesabuni. Na michango ya bima ya afya ya SHA isikatike, maana husaidia kulipia usafishaji wa damu wakati huu wa kungoja.

Jikoni

Hapa ndipo mwenye kuuguza ana kazi kubwa, na hapa ndipo mapenzi yasiyo na elimu hudhuru. Figo iliyodhoofika haiwezi kuitoa potasiamu, na ikizidi katika damu moyo huweza kupiga ovyo, hata kusimama. Madafu tunayompa mgonjwa kwa nia njema yana potasiamu nyingi. Vivyo hivyo ndizi mbivu, machungwa, viazi, maharagwe na tende. Mbirimbi wa achari una asidi ya oksaleti ambayo ni hatari kwa figo, na chumvi ya achari humzidishia kiu mtu aliyepimiwa maji. Viazi na mboga za majani vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, kisha maji yale yamwagwe. Chai, uji na mchuzi vyote vihesabiwe katika kipimo cha maji ya siku. Kila mgonjwa ana kipimo chake, basi mke aingie pamoja na mumewe kwa daktari na mtaalamu wa lishe, asikie kwa masikio yake.

Mkono uliotengenezwa mshipa wa mashine usibebe kikapu, usilaliwe, wala usifungwe mpira wa kupimia presha. Mgonjwa akishindwa kupumua, akivimba ghafla, au moyo ukienda mbio ovyo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Siku ya miadi isingojwe.

Na Ramadhani ikifika, asione haya kufungua. Mwenyezi Mungu amemwondolea mgonjwa uzito huo, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini.

Baina ya wawili

Mwanamume aliyezoea kuleta riziki huona unyonge anapopelekwa kama mtoto. Unyonge huo mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira. Tunamnasihi mke asiijibu hasira ile kwa hasira, bali asubiri siku ya mapumziko, mwili wa mumewe ukiwa na nguvu kidogo, ndipo wazungumze. Na amshirikishe katika mashauri ya nyumba: karo, posa ya binti, deni la duka. Mume hupenda kutakwa shauri hata akiwa kitandani. Maradhi haya pia hupunguza hamu ya faragha. Si kwamba mapenzi yamekwisha, na daktari aweza kuulizwa kwa heshima bila kuvunja haya.

Mwenye kutoa atoe kwa hiari

Mwezi wa Februari 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah, likaruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, na likakataza kiungo kuuzwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo hutaka idhini ya maandishi ya mtoaji, na inakataza biashara hiyo. Anayekuja na maneno ya figo ya kununua, afungiwe mlango.

Hata ndani ya ukoo dhulma huweza kuingia. Ndugu mdogo asiwekwe mbele ya wazee, akaulizwa hadharani kama atatoa au hatatoa. Aulizwe peke yake, naye apewe nafasi ya kusema hapana, na akisema hivyo asinuniwe. Mke naye asiambiwe kwamba kutotoa ni kukosa mapenzi. Figo iliyotolewa kwa kutahayari huacha uchungu usiokwisha katika ukoo.

Na muuguzaji je?

Nabii Ayyub, alayhi salaam, alipopata mtihani, mkewe alisimama naye. Tunamsifu kwa subira, lakini subira haina maana ya kuachwa peke yake. Mawifi na mashemeji wapange zamu: mmoja ampeleke mgonjwa Jumatatu, mwengine Alhamisi. Jirani anayeleta chakula aulize kwanza mgonjwa hula nini. Wanaokuja kumtazama wakae kidogo, kisha waondoke na kapu la nguo za kufua. Mwenye kuuguza naye apate usingizi, na apimwe presha na sukari, kwani hayo mawili ndiyo yanayoharibu figo za watu wengi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, walipe kheri wenye kuwauguza na wenye kujitolea kwa ajili yao, na utie mapenzi na huruma katika nyumba zetu. Amin.