Mtoto wa Mbwa wa Chama na Daktari wa Mifugo



Katika vitabu vya matumizi vya vyama vya msingi vya pwani yetu, hasa vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na vile vyenye maghala, fungu la ulinzi huwa na mambo matatu: posho ya mlinzi, betri za kurunzi, na mbwa. Posho ina hati na betri zina stakabadhi. Mbwa hana hata karatasi moja. Huletwa akiwa mdogo, hufungwa nyuma ya ghala, na tangu siku hiyo hakuna amgusaye. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini mtoto huyo wa mbwa hana budi kupelekwa kwa daktari wa mifugo katika miezi yake ya mwanzo, na ni mambo gani hufanyika huko.

Sababu kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita katika mate, na dalili zikishajitokeza, kwa mtu au kwa ng'ombe, hakuna tiba. Duniani inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na watoto ni sehemu kubwa ya hao. Mfugaji aliyepata mtamba wake kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe naye afikiri: ng'ombe aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, banda hubaki tupu na deni hubaki palepale.

Kinga ipo, tena kwa mbwa ni nyepesi. Sindano moja hutolewa afikiapo umri wa miezi mitatu, nyingine baada ya mwaka, kisha kwa muda atakaoagiza daktari. Wakati wa kampeni hata wadogo zaidi huchanjwa. Mtu aliyeng'atwa, kinyume chake, huhitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, pamoja na nauli za kwenda na kurudi hospitali. Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Uliingia tena mwaka 2016, ukatokomezwa kwa mara ya pili mwaka 2018, na mara zote mbili kwa kuchanja mbwa. Wataalamu husema inatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100.

Hata hivyo siku ya chanjo hapa kwetu huonyesha shida moja ambayo haimo katika vitabu vya udaktari. Mbwa wapo, dawa ipo, lakini hakuna awezaye kuwakamata. Wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na hakuna katika hukumu hizo kinachozuia kumfunga kamba na kumwongoza. Halmashauri na imteue mtu mmoja, ikiwezekana mlinzi mwenyewe, amzoeze mtoto wa mbwa kamba ya shingo na kushikwa tangu wiki za kwanza. Mbwa wa miaka miwili asiyeshikika kwa mkono wa mtu yeyote hachanjiki.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. (Nami ni mkaguzi, naujua ukaguzi mwema na ule wa kutia sahihi tu.) Daktari humpima uzito, maana dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo. Hutazama ufizi, kwani ufizi mweupe ni dalili ya kupungukiwa damu, na mara nyingi chanzo ni minyoo, viroboto au kupe. Hutazama macho, masikio na kitovu, kisha hupima joto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo anayempapasa na kusema ana homa huenda anakosea.

Minyoo isisubiri chanjo. Mtoto wa mbwa huweza kuipata tumboni mwa mama yake na katika maziwa anayonyonya, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mayai ya minyoo hiyo hubaki katika mchanga ambamo watoto wetu huchezea.

Ipo pia chanjo ya pamoja, ianzayo wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Hukinga distempa na ule ugonjwa wa kuharisha damu uitwao parvo. Baadhi ya chanjo hizo hukinga pia ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, ambao ulipozuka Lindi mwaka 2022 uliitwa Homa ya Mgunda. Vyama vyenye maghala viulizie hiyo.

Wenzetu wa Pangani wana jambo la ziada. Mbung'o, waliowahangaisha ng'ombe wa Ranchi ya Mkwaja kabla ardhi yake haijatiwa katika Hifadhi ya Saadani, humwambukiza mbwa pia. Jicho lake huwa jeupe kama lililotiwa maziwa, na watu husema ametemewa mate na swila. Apelekwe upesi, kabla damu haijamwishia.

Ulizeni pia chanjo ilihifadhiwa wapi. Iliyokaa juani haina kazi, hata kama kadi imepigwa muhuri. Kadi hiyo iandikwe tarehe, iwekwe katika jalada la chama pamoja na stakabadhi, nami nitaiomba nijapo.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi. Mbwa asiuawe ovyo. Afungwe na kuangaliwa siku kumi, na afisa mifugo ajulishwe.

Kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Tangazo likifika, mbwa wa chama aletwe na mtu mzima, kwa kamba imara, na kadi yake mkononi. Mtoto wa shule asitumwe kazi hiyo.