Intaneti, Simu na Runinga: Piga Hesabu Kabla ya Kuvuta Waya

Kifurushi cha intaneti, simu na runinga kwa bili moja huvutia, na mara nyingine kweli ni nafuu. Lakini usikubali kabla hujakivunja vipande vitatu na kuuliza kila kipande kinakula shilingi ngapi. Kwa nyumba nyingi za Nairobi, ni kimoja tu kinachostahili kulipiwa kila mwezi, nacho ni intaneti.

Simu haina mengi. Kila mtu mzima ana laini mfukoni, na waya ukishaingia nyumbani, WhatsApp inatosha kuongea na wazazi kijijini. Jamii Telecommunications, wenye Faiba, waliingia soko la simu za mkononi mwishoni mwa 2017 kwa namba za 0747 na data ya bei ya chini. Mtandao wao ulikuwa wa 4G tupu, na sauti ilipita humo humo, kwa hiyo simu isiyoikubali teknolojia hiyo haikuweza kupiga. Sheria inakuruhusu kuhama na namba yako tangu 2011, ila ukiihamisha kutoka Safaricom, M-Pesa ya laini hiyo haikufuati. Kwa mwenye kibanda anayelipwa kwa namba hiyo, au mweka hazina wa chama, hasara ni kubwa. Laini ya kampuni ndogo ichukue iwe ya pili, ya data.

Runinga nayo hutegemea kitu kimoja: kama nyumbani kwenu kuna shabiki wa ligi ya Uingereza. Akiwapo, mtarudi kwa DStv mtake msitake, hata mkinunua kifurushi cha nani. Asipokuwapo, kumbukeni kwamba tangu matangazo ya analojia yazimwe mwaka 2015, king'amuzi cha kununua mara moja na antena vinawapa KBC, Citizen, NTV na KTN bila ada ya mwezi. Vipindi vingine vyote vinapita kwenye intaneti.

Sasa intaneti, ambako pesa zenyewe ziko. Safaricom walipoongeza kasi mwaka 2024, kifurushi chao cha chini cha faiba kilikuwa Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi, yaani 35,988 kwa mwaka. Poa Internet, kampuni huru iliyojijengea jina Kibera na Kawangware, ilijulikana kwa bei ya 1,500, ambayo kwa mwaka ni 18,000. Tofauti ni shilingi 17,988, na kwa mtu wa kipato cha kawaida hiyo ni karo. Kasi ya chini itawakera? Video safi kwenye skrini ya runinga inahitaji kama Mbps 5. Familia yenye runinga moja na simu mbili haina haja ya kununua 15 kwa sababu jirani anazo.

Starlink ilipofika Kenya mwaka 2023 iliwaokoa watu wa mashambani ambako faiba haijafika. Mjini, hesabu inakataa. Kwa bei zao za 2024, dishi la 45,500 na ada ya 6,500 kwa mwezi vinafikia 123,500 mwaka wa kwanza. Kifurushi chao cha 1,300 kwa mwezi kilikuwa na GB 50, na video safi hula karibu GB 3 kwa saa. Watoto wakiwa likizoni, wiki haiishi.

Kampuni kubwa na ndogo hutofautiana zaidi siku waya unapokatika. Tazama kisanduku kile ukutani ambako faiba inaingilia. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu na kupepesa, mwanga haufiki kabisa, na kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia kitu. Pengine lori limeng'oa ule uzi mweusi kwenye nguzo, au waliokata matawi wameupitia na panga. Hapo unamhitaji fundi. Kampuni ndogo yenye fundi anayeishi mtaani inaweza kukuunganisha tena jioni hiyo hiyo. Nyingine ndogo ina fundi mmoja kwa mitaa mitano, nawe unangoja tangu Ijumaa hadi Jumanne huku siku ulizolipia zikihesabiwa. Kwa hiyo usimuulize wakala, muulize mpangaji wa ghorofa ya juu: mara ya mwisho ilipokatika, walikuja lini? Mimi nalipa jibu hilo uzito kuliko Mbps zozote zilizoandikwa kwenye bango.

Kuna majengo ambayo mwenye ploti ameruhusu kampuni moja tu kuingiza waya. Hilo linaniudhi kwa dhati, kwa sababu mpangaji ananyimwa chaguo na bei haina wa kuishusha. Uliza kabla hujalipa deposito ya nyumba. Na siku ya kufungiwa, pata majibu kwa maandishi: ruta ni yako au ya kampuni, ukihama mtaa unatozwa ngapi kuunganishwa upya, na siku za kukatika zinarudishwa kwenye akaunti au zinapotea.