Kijana Mbunifu na Makampuni ya Matangazo: Amchunguze Mwajiri Kabla ya Kumpa Kalamu Yake

Wazee wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walio wengi hulichukua neno hili kuwa ni shutuma juu ya kila mtu atangazaye biashara, kana kwamba mwenye bidhaa njema hana haja ya kufungua kinywa. Lakini na tuitazame tangawizi ya Mamba Miamba, katika wilaya ya Same. Ni njema, wala hapana atakayebisha. Hata hivyo mnunuzi aliye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka milima ya Upare, hawezi kuitamani asipopata habari zake. Chema nacho chahitaji mtu wa kukitaja, mradi akitaje kwa ukweli.

Kazi hiyo ya kutaja leo ina ofisi zake, mishahara yake na ustadi wake. Mtu akishuka basi katika mji wa Same, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, ataona maduka yaliyopakwa rangi za makampuni ya simu na mabango yanayosifu bidhaa za kila namna. Maneno yale yaliandikwa na mtu, na picha zile zilisanifiwa na mtu, nao wakalipwa. Ndipo kijana wetu wa kidato cha sita, au yule wa chuo aliyerudi nyumbani likizo, mwenye kipaji cha kuchora au cha kuandika, hujiuliza: Nami je, siwezi? Na kama naweza, nimwendee nani? Swali hili la pili ndilo tutakalolitazama, kwani twaona vijana wengi hulipita mbio.

KAZI YENYEWE

Kampuni ya matangazo haiuzi sabuni wala simu. Hukaa kati ya mwenye bidhaa na gazeti, redio, televisheni au mtandao. Ndani yake wamo wanaozungumza na wateja, wamo wanaopanga fedha zitumike wapi, na wamo wabunifu, yaani mwandishi wa maneno na msanifu wa picha. Zamani, katika makampuni mengi ya Marekani, mwandishi aliandika peke yake, kisha karatasi ikapelekwa kwa mchoraji. Bill Bernbach, aliyeanzisha kampuni pamoja na wenziwe huko New York mwaka 1949, aliwakalisha wawili hao pamoja, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni. Basi kijana ajue mapema yeye ni yupi kati ya wawili hao, kwa sababu hilo ndilo atakaloulizwa kwanza.

Wala kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak lilitia katika kanga zake alama ya "Mali ya Abdulla," na akina mama wakaijua alama hiyo kuwa ni dhamana ya kitambaa. Katika Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa zilishikwa na Serikali, na palipopungua ushindani matangazo nayo yalipungua. Mlango ulifunguka tena katika miaka ya 1990. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya utangazaji vya watu binafsi, na mwaka 1994 zikaanza Radio One na ITV. Baadaye yakaja makampuni ya simu, kila moja likitaka sauti yake isikike kuliko ya mwenziwe, na wabunifu wakatafutwa.

MASWALI MATATU YA SAYYIDNA UMAR

Kijana aliye mbali na mji mkubwa huvutwa na jina. Husikia kampuni fulani ni kubwa, ina jengo la vioo, na wenyewe wako London au New York. Basi huandika barua moja, akaipeleka kwa makampuni kumi, na lile la kwanza kumjibu ndilo analolikimbilia. Lakini hivyo sivyo tuozavyo mabinti zetu. Posa ikija, twachunguza ukoo, twauliza tabia, ndipo tukatoa jibu. Je, kipaji alichopewa mtu na Mola wake hakistahili uchunguzi kama huo?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, naye akataka aletwe anayemjua mtu huyo. Akatokea mmoja, akasema anamjua. Umar akamwuliza mambo matatu: kama ni jirani yake, aonaye kuingia kwake na kutoka kwake, kama amepata kuamiliana naye katika dinari na dirhamu, na kama amesafiri naye. Yule mtu alipojibu la katika yote matatu, Umar akamwambia kuwa basi hamjui, huenda amemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua. Maswali haya matatu yatamfaa sana kijana wetu.

La kwanza ni ujirani. Majirani wa kampuni ya matangazo ni wapiga chapa wanaochapa mabango yake, wapiga picha, watengenezaji wa filamu, na vijana waliopata kufanya mazoezi kwake. Hao waulizwe kwa adabu. Kampuni huwalipa mafundi wake kwa wakati? Mtu mpya hufundishwa, au hutumwa chai mwaka mzima? Kazi zile ambazo kampuni yajisifia katika tovuti yake, waliozifanya wangalipo au wamekwisha kuondoka? Kijana aliye Same hana haja ya kupanda basi kwa ajili ya hayo. Waliomtangulia shuleni na chuoni wamo mjini, na simu yatosha.

La pili ni dinari na dirhamu. Kwanza aangalie kama kampuni imesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Makampuni mengine yana wazi zaidi ya hapo. Kundi la Scangroup la Nairobi, kwa mfano, liliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, na kampuni iliyo katika soko hilo hutoa hesabu zake kila mwaka, mtu yeyote akazisoma. Kisha atazame kampuni yapata wapi fedha zake. Kampuni inayomtegemea mteja mmoja tu ni kama nyumba yenye nguzo moja: mteja akihama, wafanyakazi huachishwa.

Asisahau na haki yake mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Basi aulize: mshahara ni kiasi gani, michango ya NSSF inapelekwa, na picha au maneno atakayoyabuni yatakuwa mali ya nani? Mabinti zetu waongeze swali la saa za kazi na usafiri, maana katika kazi hii siku za kumaliza tangazo huvuta hata usiku, na si kila mtu anaye ndugu wa kumpokea mjini.

La tatu ni safari. Hakuna ajuaye tabia ya mwenziwe kama aliyesafiri naye, na safari ya mwanafunzi ni yale majuma ya mafunzo kwa vitendo ambayo vyuo vyetu huyadai. Wengi huyatafuta ili wapate muhuri tu. Afadhali ayachukue kuwa ni safari ya kumjua mwajiri: atazame bosi husemaje na wadogo, kosa likitokea hulaumiwa nani, na wakati wa sala ukiingia mtu huachwa aende au hutazamwa kwa jicho baya.

KALAMU ITAMSIFU NANI?

Sasa twafika penye uzito. Mtu anaweza kuyajibu maswali yote hayo, akaona kampuni ni ya kweli na yalipa vizuri, lakini akawa bado hajauliza: kalamu yangu itasifu nini? Orodha ya wateja haifichwi. Makampuni huionyesha kwa fahari. Humo mtakuwa na sabuni, unga, simu na benki, na mara nyingi mtakuwa na pombe na kamari. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga zote mbili, na kila aliyetazama jezi aliona fedha nyingi za matangazo zatoka wapi siku hizi.

Mwajiriwa mpya hachagui mteja, hupewa. Asubuhi moja ataambiwa aandike maneno matamu ya kumshawishi kijana mwenziwe, pengine ndugu yake aliyebaki Hedaru au Makanya, atie nauli yake katika kubeti. Hapo atafanya nini? Akikataa, ataonekana mkaidi; akikubali, atakuwa amekiuza alichokijua kuwa ni haramu. Kwa ajili hiyo wakati wa kuuliza ni kabla ya kuingia, angali na kalamu yake mkononi. Wakati wa usaili yafaa aseme kwa upole: "Naomba kujua kama mfanyakazi anaweza kusamehewa kazi za pombe na kamari." Kuna watakaokubali na kuna watakaokataa, na jibu lolote litamwonyesha njia.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Emerson Foote alikuwa mkuu wa kampuni ya McCann-Erickson huko Marekani, mojawapo ya makampuni makubwa ya matangazo ulimwenguni. Mwaka 1964, mwaka uleule ripoti ya mganga mkuu wa Serikali ya Marekani ilipoeleza madhara ya sigara, aliacha kazi kwa sababu hakutaka tena kuwa na mkono katika kutangaza sigara, akageuka kuwa mpiganaji dhidi yake. Mtu huyu aliacha kiti cha juu kabisa. Kijana asiye na kiti bado, kwake ni rahisi zaidi kuchagua mlango wa kuingilia.

Hata bidhaa ya halali yaweza kutangazwa kwa haramu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta umajimaji ndani. Akamwuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, akabainisha kuwa mdanganyifu si katika wafuasi wake. Tangazo lenye maneno makavu juu na maji chini ni chungu ileile. Na sheria ya nchi yaunga mkono hapo, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi.

Asije mtu akadhani kwamba mwenye dini hana nafasi katika kazi hii. Unga, mbegu, shule, vitabu, dawa za kweli, chanjo na utalii vyote vyahitaji wa kuvitangaza. Amana Bank, iliyofungua milango mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, nayo ni mteja kama benki nyingine. Ama juu ya kuchora viumbe wenye roho, wanavyuoni wana maneno marefu. Kijana na amwulize shekhe anayemwamini kabla hajaamua.

MATAYARISHO YAANZE NYUMBANI

Aliyekwisha kumjua mwajiri amfaaye, na ajitayarishe. Katika kazi hii cheti peke yake hakitoshi; huombwa jalada la kazi. Wala asingoje mji ndipo alifanye. Achukue tangawizi ya Mamba Miamba, au mpunga wa Ndungu, au vyungu vya akina mama wa Kipare, akavitengenezee matangazo. Lakini kwanza apande mlima akawaulize wakulima: tangawizi huvunwa lini, huharibika kwa nini, mnunuzi hulalamikia nini. David Ogilvy, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1911, aliuza majiko nyumba kwa nyumba huko Scotland kabla ya kufungua kampuni yake New York mwaka 1948, na alishikilia kwamba asiyeijua bidhaa hawezi kuitangaza. Katika jalada atie karatasi za mwanzo pia, zenye mistari iliyofutwa, kwa kuwa siku hizi programu za kompyuta huchora picha kwa dakika moja, na mwajiri ataka kuona fikira ilipita njia gani.

Wenye nia ya kusoma zaidi, zipo njia: Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa mwaka 1965, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Nasi twawageukia wazazi. Mtoto achoraye pembezoni mwa daftari hupigwa makofi, akaambiwa hiyo si kazi ya kumlisha mtu. Yaweza kumlisha. Lililo juu yetu ni kukaa naye tukamsaidie kuuliza kama tungemsaidia katika posa: kampuni hii ni ya nani, yaishi kwa fedha gani, na itamtaka aseme nini kwa watu. Kipaji ni amana, na mwenye amana huulizwa alikiweka mikononi mwa nani.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali, na kalamu zisizosema ila kweli. Amin.