Kabla hujaposti picha ya mteja wako, soma hii

Pita Mwihoko jioni, watu wakishuka matatu kutoka tao, halafu hesabu simu zilizoinuliwa. Kinyozi anampiga mteja picha kabla hajamfuta nywele shingoni. Msusi anarekodi rasta alizomaliza sasa hivi, kutoka nyuma hadi usoni. Uwanjani, kocha anatupa TikTok bao la kijana wa miaka kumi na mbili. Ukifika kwako na kuwasha WiFi, umeshawaona wote.

Pengine wewe ni mmoja wao, na sikulaumu. Huku kwetu Ruiru kodi ya duka inauma na bango la barabarani ni pesa. Stetasi ya WhatsApp inataka bando tu. Leo msee anauza viatu akiwa kwa bedsitter yake, mteja analipa na M-Pesa, boda anapeleka mzigo hadi Kahawa Wendani. Mimi niliacha koleji, na najua maboy na masupuu kibao wa mtaa huu ambao ofisi yao ni simu. Hakuna mtu atakuja hapa kukuambia uizime.

Hata kwa spoti mitandao imefungua milango. Julius Yego, kijana wa Nandi, alikuwa akiingia saiba kutazama YouTube jinsi kina Jan Železný na Andreas Thorkildsen wanavyorusha mkuki. Mwaka wa 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akarudi kutoka Rio na fedha ya Olimpiki. Watu wakambatiza Bwana YouTube.

Lakini angalia tofauti moja hapo. Wale aliowatazama Yego walikuwa mastaa wakishindana mbele ya kamera, na walijua. Mteja wako alikuja tu kunyolewa.

Hapo ndipo sheria inaingia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na uso wako ni data yako. Anayetaka kuutumia kutangaza biashara lazima kwanza upewe nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Kukaa kwa kiti cha kinyozi si kusema ndiyo. Kunyamaza pia si kusema ndiyo.

Na si sheria ya kukaa kwa kabati. Mwisho wa 2022, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya Sh5 milioni kwa kuweka picha ya mtu Instagram bila ruhusa yake. Septemba 2023 ikawa zamu ya klabu ya Casa Vera Lounge, Nairobi: Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mtu aliyekuja kujivinjari. Wakati huo huo Roma School ya Uthiru ikapigwa Sh4.55 milioni kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Najua unachosema: hao ni wakubwa, mimi nina kiti kimoja na mashine mbili. Kweli, biashara nyingi zenye mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi hazilazimiki kujisajili kwa hiyo ofisi. Watu wengi wanakwama hapo. Kutosajiliwa hakukutoi kwa sheria. Mteja bado anaweza kukushtaki na kudai fidia.

Tuache faini kidogo, tufikirie huyo mteja. Labda ni dada aliyehama akimkimbia mume anayempiga, na video yako imeonyesha saluni, jina la mtaa na saa. Labda ni jamaa anayedaiwa na watu wabaya. Wewe ulikuwa unatafuta laiki, yeye alikuwa anajificha. Huwezi kujua mpaka uulize. Na yule striker wa miaka kumi na mbili? Ukiandika jina lake, shule yake na saa ya mazoezi, umempa kila mgeni ramani ya kumpata. Kwa mtoto, anayetoa ruhusa ni mzazi au mlezi, si kocha.

Dawa yenyewe haigharimu kitu. Muulize mteja kabla ya kupiga picha, na umwambie itaenda wapi: stetasi, TikTok au bango. Mwambie akujibu kwa ujumbe wa WhatsApp, kisha uuweke, maana kukiwa na kesi ni wewe utatakiwa kuthibitisha kwamba alikubali. Akikataa, piga kichwa kutoka nyuma. Fade safi inaonekana hata bila uso. Akibadilisha mawazo baadaye, toa. Sheria inampa haki hiyo. Na kwa timu, kocha aongee na wazazi mwanzoni mwa msimu, mmoja mmoja, badala ya kungoja wagundue mtandaoni.

Na kama ni wewe umejiona kwa peji ya mtu bila kuulizwa, usianze na matusi kwa komenti. Piga skrinishoti yenye tarehe, mwandikie mwenye peji aitoe. Akikupuuza, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna. Unaweza kuyaandika au kuyasema kwa mdomo, na sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza.

Wateja wengi watakubali, na wengine watakuomba uwatag. Yule mmoja atakayesema hapana atarudi kwako wiki ijayo, kwa sababu anajua akikaa kwa kiti chako yuko salama. Huyo ni mteja ambaye hakuna bando inaweza kukununulia.